Mguu wa Dastagir, Sahani ya Chand Pasha

Umewahi kumwona mama mzazi akigawanywa kwa saa, kama watu wanavyogawana zamu ya bomba? Mimi nimemwona, wala si mbali. Ni mtaa huu huu wetu wa wakereza hapa Channapatna, nyumba yenye mlango wa kijani inayotazamana na duka la lakiri. Aligawanywa Pyaribi, mjane wa Ameerjan mkereza. Chakula cha mchana alikula kwa mwanawe mkubwa, Dastagir. Chakula cha jioni alikula kwa mdogo, Chand Pasha. Chai ya asubuhi haikupangiwa mtu, kwa hiyo siku nyingi hakunywa.

Nyumba ilikuwa moja na ua mmoja, lakini majiko yalikuwa mawili. Jiko la zamani lilibaki kwa Khairunbi, mke wa Dastagir. Jiko jipya alilijenga Shahtaj, mke wa Chand Pasha, kwa matofali na udongo, katika pembe ya pili ya ua, akaligeuza kabisa ili mgongo wake ulitazame lile la kwanza. Kwetu jiko la pili likishawashwa ndani ya nyumba moja, majirani hawaulizi tena habari za humo. Wanauliza tu ukuta utajengwa lini.

Sufuria ziligawanywa, magodoro yakagawanywa, mbuzi akachinjwa akagawanywa. Hata mbao za marehemu ziligawanywa. Dastagir alichagua kwanza kwa kuwa ni mkubwa, akachukua mbao kuukuu, zile zilizokauka mpaka ukizigonga zinalia kama kengele, akazipanga chini ya kitanda chake. Chand Pasha akabakiwa na mbao mbichi ambazo baba yake alizinunua muda mfupi kabla ya kufa. Lililoshindikana kugawanywa ni kerezo la kuzungushia mbao. Lilikuwa moja, na mota yake moja. Basi wakagawana mchana: asubuhi ya Dastagir, alasiri ya Chand Pasha. Na wewe unajua alasiri hapa kwetu ndipo umeme unapokatwa.

Kusemeshana walikwisha acha. Kila neno lilipitia kwa mama yao.

"Mama, mwambie mwanao apanguse kerezo akimaliza. Vumbi lake si urithi wangu," husema Chand Pasha, na kaka yake amesimama pale pale, wangeweza kugusana viwiko.

"Mama, mwambie mwanao vumbi la mbao kavu halimkeri mtu. Angekuwa nazo angelijua."

Na Pyaribi, katikati yao, huku akichambua dengu: "Amesikia." Neno lilikuwa hilo hilo kwa huyu na kwa yule.

Siku moja gari likasimama mlangoni. Akashuka mama mmoja mnene, Mkristo, mwenye duka la keki Bangalore, jina lake Bi. Saldanha. Dereva alimfuata nyuma na mwavuli ingawa jua lilikuwa limejificha. Aliingia uani, akaangalia majiko mawili, akaangalia mstari wa mawe uliopita katikati, akakunja pua kidogo kama aliyekuta maziwa yameanza kuchacha.

"Nani fundi hapa?"

"Mimi," alisema Dastagir.

"Mimi," alisema Chand Pasha.

"Nilielekezwa nyumba ya fundi, si bungeni." Akamgeukia Pyaribi. "Nataka stendi ya keki, mama. Ya mbao, yenye mguu. Sahani yake iwe pana kama sinia la biriani, juu iwe tambarare kama maji kwenye beseni. Rangi nyekundu, ya lakiri, si ya kopo, maana ni kitu cha chakula. Ni harusi ya watu wakubwa. Nikiipenda, kila harusi nitakayopika nitataka moja."

Ndugu wale wawili walianza kuongea pamoja. Mmoja alisema kazi ya mguu ndiyo kazi yenyewe, sahani hata mke wa mtu anaweza kuikereza. Mwingine alisema mguu ni kama mguu wa kitanda tu, mbona vitanda vimejaa mjini. Hawakuambiana, kila mmoja alimwambia Bi. Saldanha. Yeye akainua mkono.

"Mimi sitaki kujua nani anafanya kipande gani. Nataka kujua kitu kimoja. Ikiharibika, nitashika shingo ya nani?"

Khairunbi alimtazama mumewe, Shahtaj akamtazama wake.

"Yangu," alisema Pyaribi. "Mkubwa atakereza mguu, mdogo atakereza sahani. Baba yao aliwafundisha hivyo. Shingo shika yangu."

"Haya. Ijumaa baada ya sala zenu nitakuja." Akapanda gari.

Vumbi la gari halijatua, Dastagir akasema, "Mama, mwambie mwanao hii ndiyo kazi ya mwisho ya pamoja. Ikishindikana, mwenye ghala amekwisha kusema anataka nyumba hii aweke magunia yake. Tutauza. Kerezo, nyumba, kila kitu. Kila mtu akapange chumba anakotaka."

"Mwambie mwanao nimekubali kabla hata kazi haijaanza."

"Na mimi?" aliuliza Pyaribi.

Khairunbi akasema, akipepeta mchele bila kuinua uso, "Mama, mwezi kwetu, mwezi kwao. Kama sasa tu, ila kwa basi."

Shahtaj alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwa maneno ya Khairunbi tangu jiko la pili lijengwe.

Kwa hiyo unaona mwenyewe. Kwa wale wengine ilikuwa stendi ya keki. Kwa Pyaribi ilikuwa swali la kama atakufa akiwa na mlango wake au akiwa na furushi kapakata kwenye basi la Ramanagara, akitegemea kondakta amkumbuke kituo.

*

Mti wetu wa hale ni mweupe kama pembe na laini kama siagi ya baridi, lakini si mnene. Ndiyo maana watu wa hapa tumezoea kukereza vitu vidogo: vipini, bilauri, njuga za watoto, vidoli vya kusukuma kwa magurudumu. Ukitaka sahani pana huna budi kuunga vipande kwa gundi, uvibane kwa kamba na kabari mpaka vishikane, halafu ndipo ukate duara na kulifunga kwenye kerezo. Chand Pasha aliunga vyake vizuri. Mkono wake ulikuwa mzuri kwa vitu vipana, hata adui yake asingekataa, na adui yake alilala chumba cha pili.

Alasiri umeme ulipokuwapo akawasha mota. Pyaribi alikuwa upande wa Shahtaj akimenya vitunguu saumu. Patasi iligusa mbao, na mikono yake ikasimama.

Mbao kavu ikikerezwa hulia kama mtu anayetafuna papadi, chapati nyembamba kavu. Hii haikutafuna. Ilifyonza, kama mzee anayekunywa chai kwa kisosi. Pyaribi alikaa akisikiliza, akitumaini labda masikio ndiyo yamezeeka. Kisha akainuka, akaingia kwenye chumba cha kerezo, akainama kuokota maranda. Hayakuwa unga wala vipande. Ulikuwa utepe mrefu, mwororo, ambao ungeweza kumfunga mtoto nywele. Aliubana kwenye kiganja. Kiganja kikalowa.

"Chand, hii mbichi."

"Ndiyo niliyorithi, mama."

"Itapinda."

"Ikipinda watu watajua nani alipewa nini."

"Watu hawatajua chochote. Wataona sahani iliyopinda." Alisogea karibu na kushusha sauti. "Kaka yako ana mbao pana chini ya kitanda, zile alizonunua baba yako kwa ajili ya milango ya msikiti zikabaki. Kamwombe ubao mmoja."

Chand Pasha alizima mota ili jibu lake lisikike mpaka chumba cha pili. "Nimwombe yule? Afadhali nikereze boga!"

Basi akaenda Pyaribi mwenyewe. Alivuka mstari wa mawe ingawa haikuwa saa yake ya kuwa upande ule. Dastagir alikuwa amekaa kizingitini akinoa patasi, na Khairunbi alikuwa juu ya kitanda akikunja nguo.

"Mwanangu, nipe ubao mmoja mpana. Wa ndugu yako ni mbichi."

"Nani anaomba? Wewe au yeye?"

"Mimi."

"Wewe hukerezi, mama. Aje mwenyewe. Asimame hapo mlangoni, aseme, 'Kaka, naomba.' Maneno mawili. Nitampa hata mbili."

"Ataona aibu."

"Ndiyo maana nataka aje."

"Dastagir, shingo yangu ndiyo iliyowekwa rehani kwa yule mama."

"Nani alikutuma uiweke?"

Pyaribi akapiga magoti kando ya kitanda, akaingiza mkono chini. Vidole vyake viligusa mbao. Aliijua ile kwa ubaridi wake, kavu na nyepesi. Alianza kuivuta. Khairunbi hakumsukuma, wala sitaki umsingizie. Aliteremsha tu miguu yake miwili kutoka kitandani, akaikanyagisha juu ya ubao, na kuendelea kukunja nguo.

"Mama, kitanda changu kinasimamia hizo. Ukitoa mmoja kitalegea. Mimi mgongo wangu unauma, au hilo nalo hulijui?"

Pyaribi alikaa vile kidogo, mkono uko chini ya kitanda, uso karibu na nyayo za mkwewe, na hina iliyoanza kupauka kwenye vidole. Kisha akatoa mkono. Aliinuka kwa kushika mguu wa kitanda, taratibu, kiungo baada ya kiungo, na hakuna aliyempa mkono.

Jioni ile Shahtaj alimwekea donge la ugali wa wimbi na bakuli la mchuzi mwepesi hata ungeweza kuona maua yaliyochorwa chini ya bakuli.

"Nasikia mama leo umepiga magoti upande ule."

"Nilikuwa naomba ubao kwa ajili ya mumeo."

"Mume wangu alikutuma?"

"Hapana."

"Basi umetuaibisha bure. Kesho watasema tumemtuma mama akaombe." Akafunika sufuria, na harufu ya nyama ikafunikwa nayo. "Nyama watakupa huko ulikopiga magoti."

Chand Pasha alikuwa anakula. Alisikia. Alichovya donge lake kwenye mchuzi wenye nyama, akatafuna, akatazama ukuta.

*

Mguu aliukereza Dastagir, na sitamdhulumu: ulikuwa mguu. Mpana kwenye kitako, ukipanda unajikusanya taratibu, shingoni mwembamba kama kifundo cha mkono wa msichana, kisha unafunguka tena juu ili kupokea sahani. Juu kabisa aliacha ulimi wa kuingia kwenye tundu la sahani. Lakini tundu angelichimba Chand Pasha, na kipimo kingetoka wapi kama watu hawasemeshani?

Pyaribi alichukua uzi, akauzungushia ule ulimi, akaufunga fundo, akavuka nao ua.

"Mwambie mwanao uzi unanyumbuka," alisema Chand Pasha.

Akarudi upande ule. "Anasema uzi unanyumbuka."

"Mwambie akili yake ndiyo inayonyumbuka. Achimbe kwa fundo, asiende mbele wala nyuma."

Alikwenda na kurudi vile mpaka majirani wakatoa viti vyao barazani kumwangalia. Mwenye duka la lakiri, ambaye kazi yake mchana ni kusinzia, alimwita, "Pyaribi, wanakulipa kwa safari au kwa siku?" Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo, kwa sababu ukichekwa na mtaa mzima na wewe hucheki, utaonekana ndiye mkorofi.

Ulimi uliingia kwenye tundu. Uliingia kama kidole kinavyoingia kwenye pete yake.

Ikabaki lakiri. Kazi ya lakiri haifanywi kwa brashi. Mbao inazunguka, wewe unakandamiza fimbo ya lakiri juu yake, joto la msuguano linaiyeyusha, na rangi inajitandaza yenyewe kama damu kwenye maji. Kisha unachukua jani kavu la mkadi, unalikandamiza hapo hapo inapozunguka, na rangi inaanza kung'aa mpaka unajiona pua. Chand Pasha aliipaka sahani upande wa juu na ukingo. Nyekundu ile! Shahtaj mwenyewe alikuja na mwiko mkononi kuitazama.

"Na chini?" aliuliza Pyaribi.

"Chini hatupaki. Chini ndipo kerezo linaposhika. Baba hakupaka chini hata siku moja."

"Baba yako alikuwa anakereza bilauri za mbao kavu. Hii pana, tena mbichi. Ukiziba juu ukaacha chini wazi, unyevu utatokea chini peke yake. Itajikunja kama chapati kwenye kikaango. Igeuze, ifunge upya, uipake chini."

Alimtazama mama yake, akaitazama sahani. Nadhani alijua ni kweli. Akaifungua, akaigeuza, akaanza kuifunga, akabonyeza swichi. Umeme ulikuwa umeondoka.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na asubuhi ilikuwa ya Dastagir. Mguu ulikuwa umekwisha, umepakwa, umeng'arishwa, hakuna cha kuongeza. Lakini Dastagir aliketi kwenye kerezo mapema, akaufunga tena ule mguu uliokwisha, akawasha mota, akaushikia jani la mkadi.

"Dastagir," alisema mama yake, "muachie ndugu yako kerezo kidogo tu. Anataka kupaka chini."

"Asubuhi ni yangu."

"Huna kazi."

"Nang'arisha."

"Umeshang'aa, mwanangu."

"Utang'aa zaidi." Akaendelea kukandamiza jani kwenye kitu ambacho hakikulihitaji, mota inalia, umeme unapita bure, mpaka mwadhini akaita. Hapo akazima, akapangusa mikono, akaenda msikitini akiwa na uso mweupe wa mtu aliyetimiza wajibu.

*

Bi. Saldanha alikuja kama alivyosema. Stendi ilikuwa juu ya kigoda chumba cha kerezo, imefunikwa kwa kanga ya kichwa ya Pyaribi. Ndugu wote wawili walisimama, mmoja kulia, mmoja kushoto, na wake zao nyuma yao. Majirani walikuwa mlangoni wakijifanya wanaangalia gari.

Pyaribi akafunua.

Kwanza mtu aliona nyekundu tu, akaona ule mguu unavyopanda. Hata dereva alisema, "Aa!" Bi. Saldanha alitabasamu. Kisha akatoa kwenye mfuko wake duara la kadibodi ngumu, lile la kuwekea keki, akaliweka juu ya sahani. Akabonyeza upande mmoja kwa kidole. Upande wa pili ukainuka. Akabonyeza upande wa pili. Wa kwanza ukainuka. Tak, tak. Tak, tak. Alirudia hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Aliinama, akaitazama sahani kwa ubavu. Kingo zilikuwa zimelala kama masikio ya mbwa aliyekaripiwa, katikati imetuna, na kwenye moja ya maungio ya gundi palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, unaopita katikati ya wekundu wote ule.

"Keki ya ghorofa nikiiweka hapa, bibi harusi ataikatia sakafuni." Akamtazama Pyaribi. "Mama, ulisema shingo yako."

"Nilisema."

"Basi nifanye nini na shingo yako? Ni tambarare? Naweza kuweka keki juu yake?"

Dereva alicheka. Mtu mmoja mlangoni naye alicheka. Pyaribi alisimama na kanga mkononi, kichwa wazi mbele ya wanaume wa mtaa. Dastagir alikuwa anatazama dari. Chand Pasha alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Hakuna aliyesema, "Mama yetu usimseme hivyo." Ningependa kukwambia kuwa mmoja alisema, lakini hakusema.

"Nitachukua ya kioo," alisema Bi. Saldanha, akarudisha kadibodi yake mfukoni, na gari likaondoka.

Hapo ndipo walipoongea. Baada ya muda wote ule, wakatazamana usoni.

"Ulijua ni mbichi," alisema Dastagir.

"Ulikuwa na kavu ukailalia!"

"Ungeomba."

"Nikuombe mbao za baba yangu?"

"Ungejishusha ukaomba, sasa hivi tungekuwa na mteja wa Bangalore. Ulikereza mbichi makusudi ili nionekane mnyang'anyi."

"Na wewe asubuhi ulikuwa unang'arisha nini? Ulikuwa unang'arisha roho yako?"

Walipiga kelele vile kwa muda. Lakini Pyaribi, aliyekuwa amekwisha kuiteremsha stendi na kukaa juu ya kigoda, aliona jambo: hakuna hata mmoja aliyekuwa na huzuni. Walikuwa kama watu waliotoa mzigo. Sauti zikashuka zenyewe. Dastagir akakaa juu ya rundo la mbao mbichi, na Chand Pasha, baada ya kusimama kidogo, akakaa rundo lile lile.

"Basi imekwisha," alisema Dastagir. "Nitamwambia mwenye ghala."

"Mwambie, kaka. Tena mapema, asije akapata kwingine."

Kaka! Khairunbi na Shahtaj walitazamana. Hawa ndio waliokuwa hawasemeshani, na sasa wanapanga kama wafanyabiashara. Kerezo lingeuzwa kwa nani, milango ing'olewe au iachwe. Kisha wakafika kwa mama.

"Miezi ya mvua akae kwako," alisema Chand Pasha. "Kifua chake kikianza, Shahtaj halali."

"Na Khairunbi analala? Mvua kwako, kiangazi kwangu."

"Kiangazi ana nini? Kiangazi hata mbuzi hana gharama. Tugawane mwezi mwezi kama tulivyosema, lakini Ramadhani yote kwenu. Shemeji anajua kupika futari."

"Leo najua kupika!" alisema Khairunbi. "Juzi ulisema mchuzi wangu ni maji ya kufulia."

"Nilisema maji ya kufulia, lakini yana chumvi ya kutosha."

Wakacheka. Wote wanne, kwa pamoja, katika chumba kile. Pyaribi alikuwa ameomba kwenye kila sala asikie wanawe wakicheka pamoja kabla hajafa. Alisikia.

"Na akiugua hasa?" aliuliza Shahtaj. "Ugonjwa wa hospitali. Atakuwa wa aliye na zamu, au tutachangiana?"

"Wa aliye na zamu," alisema Dastagir.

"Basi uanze wewe," alisema Chand Pasha.

"Kwa nini nianze mimi?"

"Mkubwa ni nani? Mbao ulianza wewe kuchagua."

Wakacheka tena, ingawa si sana. Shahtaj akapangusa macho kwa ncha ya sari yake, akamgeukia mama mkwe. "Tumuulize mwenyewe basi, asije kesho akawaambia watu hatukumuuliza. Mama, unataka uanzie kwa nani?"

Pyaribi alikuwa anaikunja ile kanga juu ya paja, nne, halafu nane, mpaka ikawa kitu kidogo.

"Mnauza nyumba ya nani?" aliuliza.

"Ya baba," alisema Chand Pasha.

"Ya baba yupi?"

Mtaa mzima unajua, ila kwa heshima ya marehemu hatusemi. Ameerjan aliingia nyumba ile akiwa bwana harusi asiye na kwao, patasi zake ndani ya gunia, akakereza kwenye kerezo la mkwewe, akalala chini ya paa la mkwewe mpaka mauti.

"Hii nyumba aliijenga baba yangu," alisema Pyaribi. "Alinipa mimi. Baba yenu alikuwa mgeni humu, mgeni mzuri, sikumkumbusha hata siku moja. Nyinyi mmezaliwa humu mkadhani mnaimiliki."

"Mama, hayo ni maneno ya zamani," alisema Dastagir. "Hasira za leo zisikufanye—"

"Nimeulizwa. Najibu." Aliinuka. Safari hii hakushika kitu. "Mwenye ghala akaweke magunia yake kwingine. Kerezo halitoki. Sianzii kwa mtu, wala simalizii kwa mtu."

"Sasa unataka nini?" aliuliza Chand Pasha, na sauti yake ilianza kuwa ndogo.

"Nataka muondoke. Wewe na mkeo, na wewe na mkeo, na majiko yenu mawili. Si kwa ajili ya leo. Nililitaka hili tangu siku matofali yalipoingia uani, nikaona haya, nikasema mama hasemi hivyo, nikalimeza mchana na donge la huyu, nikalimeza jioni na donge la yule. Nataka muende. Nifunge mlango mimi mwenyewe kwa ndani, niwashe moto mdogo, na nile saa nitakayosikia njaa."